Ampea Nane Zisizo na Mwenyewe

Bweni la wasichana, chumba namba 6
4 Agosti 1993

Shangazi yangu,

Shikamoo. Na Bibi naye shikamoo yake umfikishie kwenye sikio la kulia, maana la kushoto linasikia linachotaka. Mimi ni mzima kabisa. Sketi uliyonishonea imeniletea umaarufu nisioustahili. Wenzangu watatu wanataka kama hiyo, mmoja mnene na wawili wembamba, vipimo nimeviandika nyuma ya karatasi hii. Chakula kipo. Tumepewa ovaroli mpya za chuo, zote saizi moja, kwa hiyo nusu yetu tunatembea tumekunja suruali na nusu wanatembea vifundo vya miguu vikipigwa na upepo.

Barua mbili zilizopita uliniuliza matokeo ya mtihani wa nusu muhula, nami nikakujibu habari za ovaroli. Sasa habari za ovaroli zimeisha. Shangazi, nimepata thelathini na nane kwenye somo la Vipimo. Ni thelathini na nane kwa mia, usijipe moyo.

Ilikuwa hivi. Tulipewa pasi yenye volti 240 na ampea 5, tutafute nguvu yake. Badala ya kuzidisha nikagawanya, pasi yangu ikatoka na wati 48. Mwalimu wetu tunamwita Bwana Desimali, kwa sababu ukimuuliza saa atakwambia ni saa nne nukta mbili tano. Alisimama mbele ya darasa akasema pasi ya binti huyu haiwezi kunyoosha hata leso. Darasa likacheka, nami nikacheka nao ili nisibaki peke yangu.

Ila amenipa nafasi moja. Nitafute sehemu halisi ya kazi, nipate vipimo vya kila kifaa kinachotumia umeme, nikokotoe ukinzani na nguvu ya kila kimoja. Halafu jumla ya ampea zote ilingane na ampea zinazopita kwenye swichi kuu vyote vikiwa vimewashwa. Tofauti isizidi nusu ampea. Siku ya mwisho ni tarehe 30 Oktoba. Nisipoweza narudia mwaka mzima, tena kama nafasi itakuwepo.

Sehemu halisi ninayoijua mimi ni karakana yako ya ushonaji. Naomba umwombe yule fundi wa ng'ambo ya barabara anayesuka mota, ana kipimo cha kubana waya kikasoma ampea. Usikasirike sana.

Mwanao

*

Karakana
19 Agosti 1993

Mwanangu,

Marahaba. Bibi yako naye amesema marahaba, na amesema masikio yake yote mawili ni mazima, ila watu wa siku hizi wanaongea mambo yasiyostahili kusikilizwa. Ameshona vifungo mia na ishirini wiki hii, sare za shule zile, na vyote vimeshika. Paka amezaa ndani ya kapu la vipande. Mteja wa gauni la zambarau amenenepa kati ya kupimwa na kujaribishwa, anasema kosa ni langu.

Nilipofika kwenye thelathini na nane nilikaa chini. Nikainuka, nikasoma tena, nikakaa tena. Wazo la kwanza lilikuwa kupanda basi nije na ile futi ya mbao. Wazo la pili ni hili, na unijibu kweli: kuna kijana huko? Kama yupo, mwambie akusubiri mpaka upate cheti. Mtu hawezi kupenda na kugawanya kwa wakati mmoja, vichwa havikuumbwa hivyo. Mimi mwenyewe unaniona, nina miaka arobaini na sita, akili yangu imetulia kwa sababu sina upuuzi huo.

Haya, vipimo. Fundi alikuja saa kumi jioni akapima kimoja kimoja, mimi naandika. Kuhusu fundi mwenyewe sina la kusema. Ni mtu wa kawaida tu, anaongea taratibu, kucha zake safi sana kwa mtu anayeshinda kwenye grisi.

Volti ni 240 kila mahali. Pasi kubwa ampea 5. Pasi ndogo 4. Cherehani za mota tatu, kila moja nusu ampea. Balbu nne, kila moja robo. Feni sufuri nukta tatu. Redio sufuri nukta mbili. Kisha tukawasha vyote akabana waya wa swichi kuu, akasoma ishirini.

Hivyo ndivyo vyote. Hakuna kingine kinachotumia umeme humu ndani. Usiniulize tena, kazi ni nyingi.

Shangazi yako anayekupenda japo umemfedhehesha

*

Bwenini
2 Septemba 1993

Shangazi mpendwa,

Shikamoo wewe, shikamoo Bibi, na paka naye hongera ya uzazi. Kijana hakuna. Kuna mmoja wa useremala aliyeniazima bisibisi mwezi wa sita, sijairudisha, huo ndio uhusiano wetu wote. Yule mwenzangu mnene anasema ukifika mwisho wa mwaka atakuwa amepungua, kwa hiyo usikate kitambaa bado.

Sasa nisikilize, maana nimefanya hesabu kwa mikono yangu na sikugawanya palipo pa kuzidisha. Ukinzani ni ukaidi wa kifaa, yaani kinavyoubania umeme usipite. Unachukua volti unagawanya kwa ampea. Pasi kubwa: 240 kwa 5, omu 48. Pasi ndogo: 240 kwa 4, omu 60. Unaona pasi ndogo ndiyo kaidi zaidi? Balbu moja ina omu 960, hiyo sasa ni kichwa kigumu kabisa, ndiyo maana inapitisha robo tu. Nguvu ndiyo unazidisha, volti mara ampea. Pasi kubwa wati 1,200, ndogo 960, kila cherehani 120, kila balbu 60, feni 72, redio 48. Yaani ile pasi yangu ya mtihani kumbe ilikuwa redio.

Nilifurahi mpaka nikaruka juu ya kitanda na ubao mmoja ukavunjika. Halafu nikajumlisha ampea.

Tano na nne ni tisa. Cherehani moja na nusu, kumi na nusu. Balbu moja, kumi na moja na nusu. Feni na redio nusu. Kumi na mbili. Shangazi, ni kumi na mbili kamili, na Fundi amesoma ishirini kwenye swichi kuu. Ampea nane zimetoka wapi? Nimejumlisha kuanzia juu, nimejumlisha kuanzia chini, nimempa mwenzangu wa kitanda cha juu ajumlishe bila kumwambia jibu. Kumi na mbili tu.

Nikikokotoa kitu hicho nisichokiona, 240 gawanya kwa 8 ni omu 30. 240 mara 8 ni wati 1,920. Hicho si kitu kidogo. Kinakaribia pasi zako zote mbili kwa ampea, kasoro moja tu. Tafadhali zunguka karakana uangalie kila soketi, hata ile ya nyuma ya kabati la nyuzi. Na Fundi apime upya. Bila hizo nane nimekwisha.

Mwanao mwenye ampea nane zisizo na mwenyewe

*

Karakana
14 Septemba 1993

Mwanangu,

Marahaba. Tuko salama. Bibi amemwachisha paka kunyonyesha kwa kumpigia kelele, sijui kama hiyo ni njia ila imefanya kazi. Mteja wa zambarau amekubali kuongezewa kitambaa ubavuni. Ubao wa kitanda umwambie mlezi wa bweni ulivunjika wenyewe.

Nimezunguka karakana yote kama ulivyosema. Hakuna kitu. Nadhani umeme unavuja. Nyumba ni ya zamani, nyaya ni za zamani, na panya wa hapa unawajua. Au labda ni jirani. Au nane si nyingi kiasi hicho, mwalimu wako azoee. Mimi nikikata gauni nikazidisha inchi nane naziingiza kwenye pindo, wala mtu hajui.

Soketi ya nyuma ya kabati la nyuzi ina vumbi tu.

Fundi amepima upya Jumanne, saa kumi ileile kwa sababu ndiyo nafasi yake. Ishirini. Akapima tena Ijumaa. Ishirini. Anasema anakusalimu na ameomba aandike mstari hapa chini. Nimemruhusu kwa sababu ya adabu tu. Akiandika jambo lisilo na maana, lipuuze.

Shangazi

*Binti, habari za masomo. Kipimo changu kizima, nimekijaribu kwenye pampu. Ila nimeona jambo ambalo labda litakusaidia: ile ishirini inakaa kama dakika mbili na nusu, kisha yenyewe inashuka hadi kumi na mbili. Panya hawafanyi hivyo. Kazi njema. — Fundi wa mota*

*

Bwenini
25 Septemba 1993

Shangazi, Shangazi, Shangazi,

Shikamoo. Leo nimeamkia kwa mikono miwili na magoti yote. Bibi pia, huyo nampigia magoti hadi sakafuni kwa sababu naamini anajua kila kitu na amenyamaza. Habari nyingine zote nimezisahau. Ubao wa kitanda umepigwa msumari.

Fundi wako ni mtu mwema sana, na hajui hata chembe alichokiandika. Dakika mbili na nusu ni sekunde 150. Wati 1,920 maana yake ni jouli 1,920 za nishati kila sekunde. Zidisha: jouli 288,000. Nikaenda kwa Bwana Desimali nikamuuliza, kwa heshima zote, kitu gani kwenye karakana ya ushonaji kinakula jouli laki mbili na elfu themanini na nane halafu kinajizima? Akasema, bila hata kuinua macho, binti, hayo ni maji.

Maji.

Lita moja ya maji kutoka mtungini mpaka ichemke inakula jouli kama 315,000. Kwa hiyo yako ni lita sufuri nukta tisa. Vile vikombe vya nyumbani vyenye ua la bluu, hayo ni vikombe vinne karibu na ukingo. Bibi hanywi chai tangu daktari alipomkataza. Wewe unakunywa kimoja, na cha pili tangu nizaliwe sijakuona ukikimaliza. Shangazi yangu mtulivu wa akili, mwenye miaka arobaini na sita na asiye na upuuzi, hivyo vikombe viwili na nusu vinaingia tumbo la nani?

Nimecheka peke yangu bafuni mpaka mtu akagonga mlango kuuliza kama naumwa. Yaani mmekaa pale wawili, mtu amekuja na kipimo kuangalia umeme unaliwa na nini, na umeme unaliwa na chai yake mwenyewe. Jumanne ishirini, Ijumaa ishirini, tarehe ile ya Agosti ishirini. Saa kumi ndiyo nafasi yake, eti. Na wewe unaniandikia panya.

Sasa niandikie birika la umeme. Nipe volti zake na ampea zake kama vitu vingine, apime Fundi mwenyewe, niliweke kwenye orodha baada ya redio. Bwana Desimali hakubali kifaa ambacho hakikupimwa. Zimebaki wiki tano, hilo tu ndilo linalonitenganisha na kurudia mwaka.

Kucha safi, eti.

Mwanao

*

Karakana
6 Oktoba 1993

Mwanangu,

Marahaba. Bibi hajambo. Sare za shule zimekwisha.

Jana tumepima upya vyote vikiwa vimewashwa. Swichi kuu imesoma kumi na mbili. Jumla yako ilikuwa kumi na mbili, kwa hiyo hesabu imekaa. Peleka kwa mwalimu wako hii karatasi, Fundi ametia sahihi. Alipima, akatia sahihi, akarudi kwake.

Chai nimeacha. Ilikuwa inanipa kiungulia.

Najua utauliza, bora nikwambie mara moja tusirudie. Aliniuliza jambo, nami nikamjibu hapana. Si kwamba ana kasoro. Kuna ahadi niliitoa zamani ndani ya nyumba hii, pengine aliyeomba ahadi hiyo amesahau, mimi sijasahau. Siwezi kumlea mtu kwa neno langu halafu nilivunje akiwa hayupo.

Faulu mtihani wako. Hilo ndilo ninalolitaka.

Shangazi yako

*

Bwenini
13 Oktoba 1993

Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo. Hii barua nimeianza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa nacheka bado, sikuwa nimefika mwisho wa barua yako. Mara ya pili nililia nikaloweka karatasi. Hii ya tatu nimeiandikia maktabani, ambako kulia hakuruhusiwi.

Karatasi ya kumi na mbili ninayo hapa mkononi. Sahihi ipo, jumla imekaa, tofauti ni sufuri. Nikivuka uwanja sasa hivi nikamkabidhi Bwana Desimali, mwaka wangu umeokoka. Nimevuka uwanja huo mara mbili leo na mara zote nimerudi nayo.

Sitaipeleka, Shangazi.

Nimeikumbuka ahadi. Nilikuwa na miaka tisa. Wazazi wangu walikuwa wametangulia mbele ya haki mwezi mmoja kabla, nikawa na homa, ukanilaza kwenye meza ya kukatia kwa sababu kule ndiko kulikokuwa na mwanga. Nikakushika upindo wa gauni nikakwambia nyumba hii tuwe sisi watatu tu, mimi na wewe na Bibi, asije mtu mwingine kwa sababu akija naye ataondoka. Ukasema sawa. Mimi nilikuwa na homa, nadhani siku ileile niliomba pia kununuliwa ngamia. Ngamia hukuninunulia.

Miaka kumi na miwili umekaa unalinda neno la mtoto mgonjwa. Nimefikiria wateja wote waliokuletea salamu za kaka zao, na yule mwalimu wa kwaya, na wewe ukisema una kazi nyingi. Nilidhani kweli una kazi nyingi. Naumia, na pia nakupenda mpaka sijui nifanye nini na mikono yangu.

Basi nisikilize, sasa nina miaka ishirini na moja na sina homa. Ile ahadi nimeivunja mimi niliyeiomba. Imekwisha. Mtu akija nyumbani kwetu siku moja akaondoka, tutalia, halafu tutaendelea kushona. Ila kumkatalia mtu chai kwa ajili yangu sikubali, wala sitaki cheti kilichonunuliwa hivyo.

Mimi nataka ishirini. Nikikosa ishirini ifikapo tarehe thelathini, sipeleki kitu, narudia mwaka, na kila atakayeniuliza nitamwambia shangazi yangu ana ukinzani mkubwa kuliko balbu.

Mwanao, tena mkaidi, na unajua nimetoa wapi

*

Karakana
24 Oktoba 1993
Anaileta kondakta wa basi la asubuhi, mpe maji anywe.

Mwanangu, mtundu wewe,

Marahaba, marahaba, marahaba. Bibi anakuitikia kwa sauti ambayo nadhani umeisikia huko. Paka na wanawe wanne wazima. Mteja wa zambarau amevaa gauni likamkaa, akanibusu, sikumfukuza.

Barua yako ilifika Alhamisi asubuhi. Niliisoma nimesimama, pasi kubwa ikaunguza suruali ya karani wa posta, itabidi nimshonee nyingine. Nilitaka nikukemee. Nikakaa na kalamu saa nzima, lakini kila nikianza kukemea nafika kwenye ngamia nacheka. Hilo la ngamia ni kweli, uliliomba, na ukataka awe mweupe.

Saa kumi nikachukua birika. Nikavuka barabara nalo mkononi, waya unaburuta, mchana kweupe, mbele ya kinyozi na wauza viatu na kila mwenye macho. Fundi alikuwa na mota mapajani, akanitazama, akalitazama birika, akasema, "Limeharibika?"

Nikamwambia, "Halijaharibika. Nimekuja lipimwe."

Akafuta mikono. Akatia maji, akachomeka, akabana waya. Akasoma ampea nane. Nikamwambia subiri, nikachukua chaki yangu mfukoni nikaandika kwenye meza yake. 240 gawanya kwa 8, omu 30. 240 mara 8, wati 1,920. Yeye akaangalia, akasema, "Umejifunza wapi?" Nikamwambia nina mwalimu, yuko bwenini, adabu yake ndogo ila hesabu zake sasa nzuri.

Maji yakaanza kuunguruma. Mwanangu, nimeshona magauni ya harusi sijui mangapi, nimewabana maharusi viuno wakitetemeka nikiwaambia tulia, na siku hiyo aliyehitaji kuambiwa tulia ni mimi. Nikasema, "Lile swali ulilouliza, liulize tena."

Akasema, "Nilidhani ulijibu."

"Nilijibu vibaya. Niligawanya palipo pa kuzidisha."

Hakuelewa, maskini, ila akauliza. Hakumaliza kuuliza nikasema ndiyo. Bibi yako, akiwa upande wa pili wa barabara, na magari yanapita, na masikio yale unayoyajua, alipiga kigelegele kabla sijafunga mdomo. Kinyozi akaacha kichwa cha mtu nusu. Mimi nilicheka mpaka nikakaa juu ya pampu iliyokuwa na mafuta, gauni limeharibika, wala sijali.

Tukarudi karakana tukawasha vyote, pasi, cherehani, balbu, feni, redio na birika. Ishirini. Amepima mara tatu, ametia sahihi mara tatu, sahihi ya tatu imepinda kwa sababu nilikuwa nammiminia chai. Karatasi ndiyo hii. Birika liandike baada ya redio kama ulivyotaka.

Wahi usichelewe. Nimevuka barabara na birika kwa ajili ya mtihani huo.

Shangazi yako, na usiniulize swali lingine lolote kuhusu kucha

*

Bwenini
2 Novemba 1993

Shangazi yangu, bi harusi wangu,

Shikamoo. Shikamoo Bibi, mpiga vigelegele wa kimataifa. Na shikamoo Fundi, hii ya kwanza, nyingine zitafuata miaka yote. Barua yako nimeisomea bweni zima. Yule mnene amelia, amesema anapunguza mwili kwa bidii apate gauni la kuvaa siku hiyo. Kondakta amekunywa maji glasi mbili.

Kaa chini kabla ya kuendelea. Si juu ya pampu.

Nilipeleka kazi yangu Jumatano asubuhi, tarehe 27 Oktoba. Bwana Desimali aliisoma akiwa na kalamu nyekundu. Alipofika mwisho akaona jumla ishirini, swichi kuu ishirini, tofauti sufuri. Akavua miwani. Akasema amefundisha miaka kumi na minane na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuleta sufuri, kila mtu hukosa nukta mbili au tatu, kwa hiyo sufuri hii nimeipika jikoni. Isitoshe birika halikuwemo kwenye orodha ya kwanza niliyomwonyesha mwezi wa tisa. Limetokea ghafla, na limetokea likiwa na ampea zilezile zilizopungua. Akasema atanipa sufuri inayofanana na ile niliyoileta.

Nikamwambia nina ushahidi. Akasema aulete.

Shangazi, sikuwa na namna. Ushahidi ni barua zako. Nikampa zote, na nakala za zangu nilizoziandika kwa penseli, kuanzia panya mpaka kigelegele. Nilidhani atatazama tarehe na namba tu. Alizisoma mstari kwa mstari. Kwenye inchi nane za pindo alitikisa kichwa. Kwenye mstari wa Fundi akasema, "Huyu ni mtu makini." Kwenye barua yangu ya ngamia akageukia dirishani akawa anaangalia uwanja kwa muda mrefu, na uwanjani hakukuwa na mtu. Kwenye kinyozi alicheka. Wallahi nimemsikia, sauti yake ya kucheka ni nyembamba sana, nadhani hakuitumia muda mrefu.

Halafu akaniuliza, "Tarehe 13 ulikuwa na karatasi ya kumi na mbili, imetiwa sahihi. Ungefaulu wiki mbili kabla. Kwa nini hukuileta?"

Nikamwambia, "Mwalimu, karakana ile bila birika mimi siitambui."

Akaandika themanini na nne. Kumi na sita amekata kwa sababu nilikokotoa ukinzani wa cherehani kwa njia ya pasi, na mota si pasi. Alinieleza nusu saa nzima, ila kwa furaha, nikaona hata meno. Nilipofika mlangoni akaniita. Akauliza, akipanga kalamu zake, kama siku ya harusi itapangwa wakati wa likizo. Nimemkaribisha. Nisamehe.

Nimefaulu, Shangazi. Ijumaa napanda basi la asubuhi, nakuja kukuoza.

Mwanao